Mkanda wa ngozi wa Zama za Kati: maswali mnayoniuliza kila siku

Mi natengeneza mikanda ya maigizo na ya watu wa kosplei (wale wanaojivika kama wahusika wa hadithi na magemu), na kila wiki napigiwa simu au natumiwa voisi na watu wanaouliza mambo yale yale, kwa hiyo nimekaa nikayaandika yote sehemu moja. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndo yanayoharibu kazi za watu.

Ukisema Zama za Kati unamaanisha lini, na wapi?

Hapa naongelea Ulaya, hasa Uingereza na Ufaransa, kati ya mwaka 1150 na 1450 hivi. Nimechagua hapo kwa sababu ushahidi upo wa kushika mkononi. Kando ya mto Thames pale London watu walikuwa wanatupa takataka na kujaza kifusi nyuma ya kuta za mbao za mto, na ule udongo uliolowa maji miaka yote haupitishi hewa, so ngozi haikuoza, vipande vya mikanda vimechimbwa vikiwa bado na bizimu yake, yaani kile chuma cha kufungia, na matundu yake. Alafu kuna sanamu za makaburini makanisani na michoro ya vitabu vya sala. Ukiweka hivyo vitatu pamoja unajua mkanda ulikaaje mwilini, sio kubahatisha.

Mbona mikanda yako ni myembamba hivyo? Si walikuwa wanavaa mipana, inchi tatu nne?

Hili ndo swali namba moja, na jibu ni hapana. Mikanda mingi ya kawaida iliyochimbwa ni myembamba, sentimita moja na nusu, mbili, mpaka tatu hivi. Ile mipana ya inchi nne yenye kamba mbele na mabizimu matatu imetoka kwenye sinema na magemu, na kama unataka vazi la shujaa wa hadithi za kubuni basi vaa, hamna anayekukataza, vazi ni lako. Ila kama unataka mtu akikutazama ahisi kweli umetoka karne ya 14, kinachofanya kazi ni vitu vitatu tu: mkanda mwembamba, mkia mrefu unaoning'inia mbele, na chuma chenye umbo sahihi. Nimeona watu wametumia hela nyingi kwenye kanzu na kofia na viatu alafu juu wakafunga mkanda wa suruali ya jinzi wenye upana wa vidole vitatu, na vazi zima likafa hapo hapo kiunoni, kwa sababu jicho la mtazamaji linaenda katikati ya mwili kwanza.

Hata wale wanaotaka vazi la Viking (wale mabaharia wapiganaji wa Ulaya ya kaskazini), wakati wao ni kabla kidogo ya huu, nao mikanda yao ilikuwa myembamba, sentimita mbili hivi.

Ninunue ngozi gani?

Ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Basi. Kwa Ulaya wakati ule walitumia magome ya mwaloni, ngozi ikilala kwenye mashimo ya maji ya magome kwa miezi, mara nyingi zaidi ya mwaka. Ngozi ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa chumvi za madini ya kromu badala ya magome, hii laini ya makoti na masofa, imeanza karne ya 19 tu, kwa hiyo hakuna mtu wa mwaka 1350 aliyeigusa.

Na hapa sisi tuna bahati kubwa ambayo watu wengi hawaijui. Ile miti ya miwati inayolimwa Njombe na nyanda za juu za Kenya, magome yake ndo yanakamuliwa dawa ya kutengenezea ngozi, na viwanda vya nje vinainunua. Mwaloni hatuna ila ngozi ya miwati inafanya kazi ile ile: inakaa ngumu, inashika umbo ukiilowesha, ukingo wake unang'aa ukisuguliwa, na ukiiacha inapigwa jua inakolea kuelekea wekundu fulani mzuri sana. Nairobi nenda Kariokor, wale mafundi wa sandozi na mabegi wanaijua vizuri. Dar muulize fundi viatu anayeshona soli za ngozi, sio anayegundisha tu, atakwambia anachukulia wapi.

Nitajuaje kama muuzaji ananiambia ukweli?

Nilishauziwa ngozi nikaambiwa ni ya magome kabisa, nikalipa bei ya magome, nikaharakisha kwa sababu igizo lilikuwa wiki inayofuata, nikakata mikanda minne. Mazoezi ya kwanza vizuri, ya pili ikaanza kuvutika, mpaka siku ya onyesho mmoja ulikuwa umeongezeka sentimita sita na yule kijana anaigiza huku anaushikilia kwa mkono. Ilikuwa kromu iliyopakwa rangi ya kahawia. Tangu siku hiyo sinunui bila kupima, na wala sioni aibu kumwambia muuzaji nipe kipande kidogo nikajaribu.

Vipimo vyangu ni hivi. Kwanza angalia ukingo uliokatwa, kati kati ya ngozi: ya kromu mara nyingi ina kijivu au ubuluu ndani hata kama juu ni kahawia, ya magome ni kahawia au rangi ya maziwa ya chai mpaka ndani. Pili, ikunje na uminye kwa kucha, ya magome inabaki na alama, ya kromu inarudi kama sponji. Tatu, dondoshea maji tone moja, ya magome ambayo haijapakwa kitu itayanywa na kuweka doa jeusi jeusi la unyevu.

Cha nne ndo mwisho wa ubishi. Chukua siki iliyolowekwa chuma (nitaeleza chini namna ya kuitengeneza, tunaitumia pia kama rangi), chovya kijiti cha kiberiti, gusa upande wa nyama wa ile ngozi, yaani ule wa ndani usio wa manyoya. Ya magome utaona pale pale, kabla hujahesabu kumi, kahawia inakuwa kijivu alafu inazama kuwa nyeusi kama wino, kwa sababu chuma kinakutana na tanini, ile dawa ya magome inayotengeneza ngozi. Ya kromu inabaki pale pale, unyevu tu, labda na kadoa ka kutu. Mi natembea na kichupa kidogo cha dawa ya macho kilichojaa hiyo siki, nikifika dukani naomba kijipande cha pembeni. Wauzaji wazuri hawachukii hata kidogo.

Kuna wanaoshauri uchome moto uone majivu. Usifanye hivyo, ikiwa ni ya kromu moshi wake na majivu yake sio vitu vya kuvuta.

Unene je? Na urefu?

Unene milimita 2.5 mpaka 3.5 unatosha. Ngozi ya milimita 5 ni ya hatamu za farasi, itakukata kiuno na haitaning'inia vizuri, mkia utasimama kama ubao.

Urefu, pima juu ya nguo utakayovaa, sio juu ya fulana, kwa sababu nguo za wakati ule ni za tabaka, shati la kitani na joho la sufi juu yake, na tabaka hizo zinakula sentimita kadhaa. Chukua kiuno, ongeza 50 za mkia, ongeza 6 za kukunja kwenye bizimu. Kwa mfano kiuno 90, mkia 50, mkunjo 6, jumla 146. Mi nakata 150 alafu napunguza mwishoni, ngozi iliyozidi inakatika, iliyopungua hairefuki.

Ng'ombe wetu ni wadogo, napataje mita moja na nusu?

Kata kwa kufuata uti wa mgongo. Sehemu ya mgongo ndo ngumu na haivutiki, na ndo ndefu kuliko zote. Ngozi ya tumbo iache ya vifuko na vitanzi, ukikatia mkanda pale utaupima Januari na Machi ukakuta umekuwa mwingine. Na ng'ombe wetu wengi wamepigwa chapa na wana alama za kupe na makovu ya miiba, kwa hiyo kabla hujakata igeuze, iangalie kwenye mwanga wa pembeni, chora kwa penseli ukikwepa chapa. Kovu dogo mi naliacha, lina uzuri wake, ila kovu lililopita mpaka ndani ni mahali mkanda utakapokatikia.

Ikishindikana kabisa, unga vipande viwili: punguza unene wa ncha zote mbili kwa kisu kikali ziwe kama mteremko, zilaliane sentimita 5, gundi, shona mistari miwili. Uweke muungo nyuma ya mgongo. Ngozi ya mbuzi ni fupi mno na nyepesi kwa kazi hii, labda uikunje mara mbili na kushona, na hiyo nayo ni njia ya zamani kabisa, mikanda ya kukunjwa na kushonwa imechimbwa.

Vifaa gani nahitaji? Sina karakana.

Rula ya chuma ndefu, kisu cha fundi viatu kilichonolewa, msharasi (kile chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi), sindano mbili butu, nyundo, msasa, kipande cha mbao ngumu, panchi ya matundu ya milimita 4. Uzi wa kitani ukiupata vizuri, usipoupata uzi wa katani mwembamba au hata wa pamba mnene, upitishe kwenye nta ya nyuki mara tatu nne mpaka ushike. Nta nzuri inatoka Tabora, muulize muuza asali. Hivyo tu, mi nilianzia mezani jikoni kwa mama.

Nakataje mstari unyooke?

Ukingo wa kwanza ndo unaamua kila kitu. Bana rula na vitu vizito pande mbili, pitisha kisu kidogo kidogo, mara ya kwanza kukwaruza tu, mara ya pili ndani, ya tatu ikatike. Usikate kwa mkasi, mkasi unainua ngozi na ukingo unatoka mawimbi. Na kisu kikianza kuvuta badala ya kuteleza simama ukinoe, majeraha mengi ya vidole niliyoona yametoka kwenye kisu butu kilicholazimishwa.

Bizimu napata wapi? Hizi za dukani zinafaa?

Bizimu ndo roho ya mkanda huu. Za dukani nyingi ni za mraba mkubwa wenye kung'aa kama kioo, zinaharibu. Tafuta ndogo, ya duara au yenye umbo la herufi D, upana wa ndani sawa na mkanda wako au milimita moja zaidi, iwe ya brasi, ile shaba ya njano, au chuma cha kawaida. Pitia kwa wauza vyuma chakavu na kwa mafundi wanaokarabati mabegi ya zamani, mi nimepata brasi nzuri sana kwenye kamba za mikoba ya miaka ya nyuma na kwenye hatamu za punda. Ukikuta imepakwa nikeli isugue na msasa mpaka njano itokee.

Na kuhusu madini hadithi yake naipenda sana. Mafundi mikanda wa London walikuwa na chama chao, na mwaka 1327 mfalme Edward III aliwapa hati iliyokataza kupamba mikanda kwa risasi, piuta (bati lililochanganywa na madini mengine) na bati, kwa sababu ni laini, inavunjika, mteja anadhani kanunua fedha kumbe kapigwa. Mikanda ya namna hiyo ikikamatwa ilikuwa inachomwa moto. Lakini ukiangalia vilivyochimbwa kando ya Thames, vipambo vya bati na risasi vimejaa tele. Watu waliendelea kuvitengeneza na watu waliendelea kuvinunua, maana kila mtu alitaka king'ae hata kama mfuko hauruhusu. Kwa hiyo kwa vazi la mtu wa kawaida rangi ya bati ni halali kabisa, ila tafadhali usiyeyushe risasi nyumbani, hasa kama kuna watoto.

Bizimu inafungwaje kwenye ngozi?

Njia rahisi: punguza unene wa sentimita 6 za mwisho kwa kisu upande wa nyama mpaka ibaki nusu, toboa tundu refu katikati ya mkunjo kwa ajili ya ule ulimi wa bizimu (toboa matundu mawili ya panchi umbali wa sentimita 2 alafu unganisha kwa kisu), lowesha kidogo, kunja, pitisha bizimu, shona.

Njia iliyoonekana sana enzi zile ni ya bamba: kipande cha brasi nyembamba kimekunjwa kuzunguka fimbo ya bizimu, ncha ya ngozi inaingia katikati kama mkate kwenye sendwichi, alafu riveti (vijiti vifupi vya chuma vinavyogongwa ncha zitanuke) mbili au nne zinapita zote. Ukiwa na mkasi wa bati na tupa unaweza, na inapendeza mno.

Kushona ni kwa sindano mbili kwenye uzi mmoja, kila sindano inapita tundu lile lile kutoka upande wake, kama mafundi viatu wanavyofanya. Toboa kwanza kwa msharasi, umbali wa milimita 3 au 4, vuta kwa nguvu sawa mikono yote miwili. Uzi wa upande mmoja ukikatika, wa pili bado umeshika.

Naweza kutumia cherehani na gundi tu?

Gundi peke yake hapana, itaachia kwenye joto. Cherehani ya viatu sawa kama haraka, ila mshono wa mkono mita moja tu kutoka machoni unaonekana tofauti.

Ukingo wangu unaonekana kama kadibodi iliyochanika. Wewe unafanyaje?

Hii ndo sehemu naipenda kuliko zote na ndo sehemu watu wanairuka. Kata kona zote mbili za ukingo kwa kisu au piga msasa zipotee, juu na chini, mpaka ukingo uwe wa mviringo kama ukingo wa kikombe. Chovya kidole kwenye maji, pitisha sentimita 20 tu kwa wakati mmoja, sio mkanda wote. Subiri maji yaingie, ngozi ikiwa bado baridi ukigusa lakini haina umajimaji, chukua kijiti cha mbao ngumu chenye mfereji, mpini wa zamani wa mwiko wa mpingo unafaa, au mfupa mlaini, sugua kwenda na kurudi, haraka na kwa wepesi. Mwanzoni utasikia kama unasugua kitambaa, kisha sauti inabadilika, inakuwa nyororo, kijiti kinaanza kuteleza na ukingo unapata joto, nyuzinyuzi zinalala na kushikana na rangi inakolea yenyewe. Hapo weka nta kidogo, sugua tena. Ukimaliza ukipitisha kucha haikwami popote. Mita moja na nusu pande mbili inachukua saa nzima na zaidi, na ndo saa inayotofautisha mkanda na ukanda wa ngozi.

Nataka uwe mweusi kama wa zamani, nitumie rangi ya viatu?

Rangi ya viatu itahamia kwenye nguo yako. Tengeneza siki ya chuma. Chukua siki nyeupe, nusu lita, weka waya laini wa kusugulia masufuria ule unaoshika kutu (uoshe na sabuni kwanza uondoe mafuta), acha siku tano mpaka saba, kifuniko ukilegeze kwa sababu inatoa gesi na chupa iliyobanwa inaweza kupasuka. Chuja kwa kitambaa.

Alafu siri ndogo: kabla ya kupaka siki, paka chai ya rangi iliyokolea, majani mengi yaliyochemshwa mpaka inakuwa chungu, acha ikauke. Chai ina tanini, inaongezea chakula ile dawa. Ukipaka siki juu yake ngozi inageuka mbele ya macho yako na weusi unaingia ndani, haubanduki. Mafundi wa Ulaya nao walipata weusi kwa chuma na tanini, so hapo hata kemia yako ni ya kale. Ukimaliza futa na maji yenye bekin soda, kijiko kimoja kwa lita, kupoza ile asidi, suuza, acha ikauke kivulini, alafu mafuta.

Kahawia hata usisumbuke. Paka mafuta kidogo, tundika juani siku mbili tatu ukigeuza geuza.

Mafuta gani?

Mafuta ya mnyama yaliyochujwa vizuri, au nta ya nyuki na mafuta ya mnyama nusu kwa nusu, yayeyushwe kwa chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto, sio juu ya moto moja kwa moja. Mafuta ya kupikia usiweke, yanaganda na kunuka. Na kidogo kidogo, ngozi ikilewa mafuta inakuwa kama mlenda.

Vile vipambo vya chuma vinavyojipanga kwenye mkanda navitengenezaje?

Kata brasi nyembamba, unene wa nusu milimita hivi, umbo la ua la majani sita, duara, mraba, au upau mwembamba unaokaa kukata upana wa mkanda. Upau ndo rahisi na ndo ulikuwepo sana. Kwa riveti natumia waya wa shaba wa umeme wa nyumba, ule wa namba mbili na nusu, menya plastiki, kata milimita 8, pitisha, nyuma weka kijipande cha brasi chenye tundu kama washa, gonga taratibu kwa nyundo ndogo mpaka kichwa kitanuke. Usigonge kwa hasira, shaba itapinda ndani ya ngozi. Panga nafasi kwa penseli kwanza mkanda wote, sentimita 3 au 4, kwa sababu ukikosea cha tano makosa yanajumlishana mpaka mkiani.

Ukitaka kuona ulipofikia huu utajiri wa vipambo, tazama picha za kaburi la Edward aliyeitwa Black Prince, aliyefariki 1376, liko kanisani Canterbury kule Uingereza. Sanamu yake imevaa mkanda wa mabamba ya mraba unaokaa chini nyongani, sio kiunoni. Huo ni wa vita na wa mwana wa mfalme, mkulima asiuvae.

Nakshi za maua makubwa yaliyochongwa kwenye ngozi, zile za mikanda ya kikauboi, ni za Marekani ya juzi tu. Mistari miwili iliyominywa sambamba na ukingo inatosha na inapendeza zaidi.

Vipi ule mkanda wa pete, usio na ulimi, unapitishwa na kufungwa fundo?

Naujua, kila soko la mavazi Ulaya wanauuza kwa sababu unamtosha kila mtu na ni rahisi kutengeneza. Ushahidi kwamba watu wa karne ya 13 na 14 walifunga hivyo kwa pete tupu ni mdogo sana. Kwa vazi la kubuni, au igizo lenye waigizaji ishirini wanaobadilishana nguo, utumie bila wasiwasi. Kwa vazi la kihistoria weka bizimu.

Mkia nauacha tu uning'inie?

Uache, au upitishe juu ya mkanda wenyewe uzunguke nyuma ushuke kwenye kitanzi chake, utatokea fundo moja zuri mbele. Kama umewahi kuona nembo ya wale mashujaa wa Garter wa Uingereza, chama alichoanzisha Edward III mwaka 1348 hivi, ule ukanda wa buluu ni mkanda mdogo wenye bizimu na mkia uliofungwa hivyo hivyo. Iga pale. Mwishoni mwa mkia weka kipande cha brasi, uzito wake ndo unaofanya mkia ushuke wima ukitembea.

Wanawake nao walivaa?

Sana, na mara nyingi mrefu kuliko wa wanaume, mkia ukifika magotini au chini zaidi. Na kumbuka mkanda haukuwa urembo peke yake, nguo hazikuwa na mifuko ya kushonwa ndani, so funguo, kisu, kifuko cha hela, vyote viliishi hapo. Mi nikimtengenezea mwigizaji mkanda namwekea na kifuko na kisu kidogo cha mbao kwenye ala, mara moja anabadilika hata namna anavyosimama, mkono unapata pa kukaa.

Matajiri wengi hawakuvaa ngozi kabisa, walivaa hariri iliyofumwa. Kuna mkanda wa Fernando de la Cerda, mwana wa mfalme wa Castile (sehemu ya Hispania ya leo) aliyefariki 1275, ulikutwa kaburini kwake kwenye nyumba ya watawa ya Las Huelgas kule Burgos, umejaa ushanga na lulu na ngao za koo za kifalme.

Naweza kuning'iniza upanga hapo?

Upanga wa chuma una kilo moja mpaka moja na nusu, mkanda wa sentimita 2 utazunguka na kukupinda. Upanga ulikuwa na mkanda wake. Tengeneza wa pili, sentimita 4, ngozi ya milimita 4, uvae juu ya huu.

Tunafanya igizo la Kilwa ya zamani. Tuvae mikanda hii hii?

Hapana jamani. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipopita pwani yetu mwaka 1331, Mogadishu walimpa nguo za heshima na ameziorodhesha: kitambaa cha hariri cha kufunga kiunoni badala ya suruali, kanzu ya kitani cha Misri, joho, na kilemba. Kiuno kilishikwa na kitambaa. Mkifunga bizimu za London juu ya hizo mtakuwa mmewanyang'anya watu wa Kilwa vazi lao. Tafuteni hariri au pamba nzuri, mfunge kiuno kwa upana wa kiganja, niko tayari kuwasaidia kwa hilo bure.

Rexini, ngozi feki, inafaa?

Kwa watoto wa shule na onyesho la siku moja sawa. Ukingo wake hausuguliki na bizimu itaichana, basi weka turubai katikati.

Nimeuweka kabatini miezi miwili nimekuta unga mweupe na kitu cha kijani kwenye riveti, umeharibika?

Haujaharibika. Ule weupe wa manyoyamanyoya ni kuvu, huku pwani unyevu haumwachi mtu, futa kwa kitambaa chenye siki na maji nusu kwa nusu, anika kivulini kwenye upepo. Kama weupe ni laini na unapotea ukiupasha joto kwa kiganja, hiyo ni nta imetoka juu tu, sugua irudi. Kijani ni shaba na mafuta ya ngozi vimekutana, kinatoka kwa kijiti cha meno na kitambaa kikavu, na ukikiona kila mara basi umezidisha mafuta karibu na chuma. Usiuweke kwenye mfuko wa nailoni, usiukunje, uviringishe kama konokono na uache wazi, au utundike kwa bizimu kwenye msumari nyuma ya mlango, pale pale ninapotundika wa kwangu.